Kilimanjaro mwezi gani? Tulifungue kwanza hilo swali lenyewe

Mtu akishaamua kwenda Kilimanjaro swali lake la kwanza karibu kila mara ni moja, niende mwezi gani, na jibu analopewa ni fupi vilevile: Januari na Februari, au Juni mpaka Oktoba, kwisha. Jibu hilo sio la uongo. Shida yake ni kwamba limebana mambo manne matano kwenye kapu moja, kwa hiyo mtu anaenda Julai akijua huo ndo msimu wenyewe, anashuka Moshi anakuta wingu zito, baridi, mlima wala hauonekani siku ya kwanza, siku ya pili, anaanza kuona kadanganywa. Na mwingine kaambiwa Aprili ni marufuku kabisa halafu anasikia kuna jamaa alipanda Aprili hiyohiyo kwa upande wa Rongai na akapata asubuhi safi mpaka kileleni. Wote wawili wanasema kweli, ila wanazungumzia vitu tofauti, na mimi nadhani ukivielewa hivyo vitu kimoja kimoja utapanga safari yako mwenyewe bila kutegemea tarehe za kwenye kalenda ya mtu.

Kwanza ijulikane kwamba mlima haufungwi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa 1973, ikafunguliwa rasmi kwa wageni 1977, na tangu hapo mageti yanapokea watu Januari mpaka Desemba, masika kiangazi vuli, hamna mwezi unaoambiwa rudi nyumbani. Kwa hiyo swali sio kama inawezekana, swali ni utakutana na nini na umejiandaaje.

Tuanze na mvua maana ndo inayoogopwa. Huku kwetu karibu na ikweta mvua inafuata jua, yaani kuna ukanda wa mawingu unaozunguka dunia nzima na unapanda kaskazini na kushuka kusini kila mwaka ukilifuata jua la utosini, na kwa kuwa Kilimanjaro iko kama digrii 3 tu kusini ya ikweta ukanda huo unapita juu yetu mara mbili. Ukipita mara ya kwanza tunapata masika, Machi mpaka Mei, Aprili ndo inakuwa yenyewe hasa. Ukirudi tunapata vuli, kuanzia mwisho wa Oktoba Novemba mpaka Desemba. Masika ni ndefu na inanyesha kwa kujipanga, vuli ni fupi na haina adabu, mwaka mmoja inapita kama haikuja, mwaka mwingine inamwaga mpaka barabara zinakatika. Hiyo vuli inategemea sana joto la Bahari ya Hindi na Elnino, waliokuwepo 1997 wanakumbuka, na vuli za 2019 na 2023 nazo zilikuwa kubwa. Ndo maana mimi mtu akiniambia anataka Novemba simkatazi, namwambia asubiri utabiri wa msimu wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, utoke kwanza ndo alipe.

Sasa hapo bado tunaongelea Tanzania ya kaskazini kwa ujumla. Mlima wenyewe una mambo yake.

Huu mlima ni mkubwa kiasi kwamba unajitengenezea hali ya hewa. Hewa yenye unyevu inatoka baharini na upepo wa kusi, inagonga upande wa kusini na kusini-mashariki, haina pa kupita, inalazimika kupanda, ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga maji. Kwa hiyo pande za Machame, Umbwe, Mweka na Marangu ndo zinalowa, na ndo maana Uchaggani kote kule kumejaa migomba na kahawa na mifereji ya asili. Kwenye msitu wa upande huo, kama mita 2,200 hivi kutoka usawa wa bahari, mvua ya mwaka inapita milimita 2,000. Ukizunguka mlima ukaenda upande wa pili, Rongai, karibu na mpaka wa Kenya, unakuta nchi kavu kabisa, mvua ni nusu ya hiyo au pungufu, kwa sababu hewa ikifika kule imeshamwaga mzigo wake wote huku kusini. Watu wa Loitokitok na wafugaji wa Amboseli wanauona mlima uleule lakini wanaishi hali ya hewa nyingine kabisa.

Kwa hiyo unaposema "Aprili kunanyesha Kilimanjaro", muulize mtu upande gani. Aprili Machame ni matope kutoka getini mpaka kambi ya kwanza, mizizi inateleza, kila kitu kimelowa na hakikauki. Aprili Rongai kunanyesha pia, nisikudanganye, ila ni mvua unayoweza kuishi nayo. Kitu ambacho kampuni nyingi hazikisemi mapema ni kwamba aliyepanda Rongai kwa kawaida anashukia Marangu, kwa hiyo siku ya mwisho unapita msitu uleule uliokuwa unaukwepa, beba koti la mvua hata kama umepanda kavu siku zote. Na vuli kidogo inageuza mambo kwa sababu upepo unakuwa umeanza kuhamia kaskazi, hata huko Rongai mvua inagusa zaidi wakati huo kuliko watu wanavyodhani.

Kitu cha tatu ni kimo, na hapa ndo kuna mkanganyiko mkubwa zaidi. Kadiri unavyopanda hewa inapoa, kwa makadirio ya kawaida kama nyuzijoto 0.6 kwa kila mita 100. Moshi mjini iko kwenye mita 800 na kitu, Uhuru, yaani kilele chenyewe, iko 5,895, tofauti ni karibu mita 5,000, piga hesabu, ni kama nyuzijoto 30. Maana yake Moshi ikiwa 25 watu wamevaa fulana wanakunywa soda barazani, kileleni saa hiyohiyo iko chini ya sifuri. Usiku ndo usiseme, hasi 10 mpaka hasi 20 ni kawaida, na upepo juu yake. Hakuna mwezi unaokuokoa hapo. Januari ina joto kidogo zaidi ya Julai, sawa, lakini hata Januari ukipanda na glavu za pikipiki utaumia vidole.

Halafu mvua nayo haipandi mpaka juu na nguvu zake. Ukishavuka msitu, ukaingia kwenye vichaka vya erika, halafu kule kwenye zile seneshio na lobelia ndefu za ajabu, kila mita unayopanda kunakauka. Kileleni kwenyewe mvua na theluji ya mwaka mzima haifiki hata robo ya ile ya msituni, ni jangwa lenye baridi. Uwanda ulio kati ya vilele viwili vya mlima, Mawenzi na Kibo, ule unaovukwa na watu wa Marangu kwenda Kibo Hut, ni vumbi na mawe tu, unaweza kufikiri uko mahali pengine kabisa.

Sasa unganisha hayo na yule jamaa wa Julai. Juni, Julai na Agosti kusi inapuliza hewa ya ubaridi yenye unyevu, lakini hewa hiyo inabanwa chini, haina nguvu ya kupanda juu, kwa hiyo inatengeneza blanketi la wingu linalokaa usawa wa msitu na kufunika Moshi yote. Ukiwa mjini unaona kijivu tu wiki nzima na wenyeji wamevaa masweta. Ukipanda siku moja na nusu unatoboa lile wingu, unatokea juu jua linawaka, anga bluu, na chini yako kumetandazwa mawingu mpaka mwisho wa macho, Meru peke yake ndo imechomoza kule magharibi. Kwa hiyo Julai ni mwezi mbaya wa kuutazama mlima kutoka Moshi na ni mwezi mzuri wa kuwa juu yake. Hivyo ni vitu viwili. Anayetaka picha ya mlima kutoka chini aende Januari au Februari, au awahi sana asubuhi, au aende upande wa Amboseli.

Na hapo kwenye asubuhi kuna jambo la nne ambalo kwangu lina uzito kuliko mwezi: saa. Mlima una ratiba yake ya siku. Usiku hewa baridi nzito inashuka kufuata mabonde, anga linasafika. Jua likishatoka miteremko inapata joto, hewa inaanza kupanda, ikifika saa nne saa tano mawingu yameshaanza kukwea, mchana yamefunika, jioni yanashuka tena. Hii inatokea hata kwenye kiangazi. Ndo sababu moja ya watu kuamshwa saa tano usiku na kuanza kupanda kilele kama saa sita usiku wa manane, sio ushamba wala mateso ya makusudi, wanataka ufike juu jua linapochomoza na uwe umeshashuka kabla mawingu hayajafika.

Sababu ya pili ni ardhi yenyewe, na hapa inabidi tukumbuke tunapanda nini. Kilimanjaro ni volkano, tena ni volkano tatu zilizoshikana. Shira upande wa magharibi ndo mzee wao, ililipuka ikamaliza, ikaporomoka, sasa imebaki uwanda mpana. Mawenzi, mita 5,149, imekufa pia na imeliwa na mmomonyoko mpaka imebaki meno meno ya mwamba. Kibo ndo ya mwisho na ndo yenye Uhuru, na yenyewe haijafa, imelala tu. Ukifika ndani ya kreta, lile bakuli la volkano kule juu, kwenye shimo la Reusch, kuna matundu yanayotoa mvuke na harufu ya salfa bado. Hamna dalili ya kulipuka kesho, usiogope, ila ndo ujue sakafu unayokanyaga ni majivu na kokoto za volkano. Mchana kokoto hizo zikiwa kavu na zimelegea unapanda hatua mbili unateleza moja, hasa kule juu ya Kibo Hut kwenda Gilman's Point, ukingoni mwa kreta. Usiku zimegandishwa na baridi zinashika, unapanda kwa nafuu. Wakati wa kushuka ndo unaona tofauti, watu wanateleza nazo kwenye vumbi kama wako kwenye mchanga wa Coco Beach.

Volkano hiyohiyo inaleta shida ya maji, jambo ambalo wageni hawaliulizi kabisa. Mwamba wa volkano na majivu vinanyonya maji, mvua inazama chini inakuja kutokea kama chemchemi huko chini kwenye vijiji. Kwa hiyo juu hakuna mito ya kutegemea. Njia za kusini chanzo cha mwisho cha maji ni bonde la Karanga, kambi ya Barafu iliyo mita 4,600 na ushee haina maji, kila lita unayokunywa usiku wa kilele imebebwa na mpagazi kichwani au mgongoni kutoka huko. Kibo Hut ni hivyohivyo. Sasa ikifika Septemba, Oktoba, mwisho wa kiangazi kirefu, vijito vinakuwa vimepungua zaidi na kazi ya hao vijana inaongezeka. Mwezi "bora" kwako unaweza kuwa mwezi mgumu kwao, na mimi ningependa kila anayepanda alijue hilo wakati anapopanga tipsi.

Kiangazi kirefu kina hatari nyingine, moto. Oktoba 2020 vichaka viliwaka kuanzia eneo la Whona, njia ya Marangu kati ya Mandara na Horombo, ukawaka siku kadhaa, wanafunzi na wanavijiji mamia wakapanda kusaidia kuzima. Oktoba 2022 ukawaka tena upande wa kambi ya Karanga. Mioto hiyo miwili inaangukia palepale, mwisho wa ukame kabla vuli haijaanza. Erika ina mafuta, inawaka hata mbichi. Kwa hiyo ukienda wakati huo na unavuta sigara tafadhali sana, kipisi kinazimwa kinawekwa mfukoni, hakitupwi.

Kingine kinachoongozwa na joto na baridi ni mawe. Kuna njia ya Western Breach, inapitia Arrow Glacier kuingia moja kwa moja kwenye kreta. Barafu ndo ilikuwa inayashikilia mawe pale, inavyoyeyuka mawe yanaachia. Januari 2006 yaliporomoka yakaua Wamarekani watatu, njia ikafungwa kwa muda kisha ikafunguliwa tena. Kampuni nyingi makini hazipeleki watu huko, na mimi sioni sababu ya kwenda huko wakati Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, inafikika kwa kupitia kambi ya Barafu.

Kwa kuwa tumeitaja barafu, hapa pia kuna fundo la kulifungua. Kila mwaka ikifika Aprili au Desemba picha zinasambaa, Kibo imekuwa nyeupe pe, watu wanaandika barafu imerudi. Haijarudi. Ile ni theluji mpya ya msimu wa mvua, inaanguka, inakaa siku chache au wiki, jua linaipiga inapotea. Barafu ya kale, zile kuta zenye urefu wa nyumba unazoziona ukiwa Stella kuelekea Uhuru, ni kitu kingine, imejengeka miaka mingi sana. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni 6 Oktoba 1889, kwa msaada wa watu wa Marangu akiwemo Yohani Kinyala Lauwo anayekumbukwa mpaka leo kama muongozaji wa kwanza, ilibidi wachonge ngazi kwenye barafu kwa shoka ili wafike ukingo wa kreta. Leo unatembea kwenye vumbi mpaka kwenye kibao. Kati ya 1912 na 2007 imepotea karibu asilimia 85 ya eneo la barafu, na UNESCO mwaka 2022 walitoa ripoti kwamba barafu hizi zinategemewa kuwa zimekwisha kufika 2050.

Na haziyeyuki tu kama barafu ya kwenye glasi. Juu kule hewa iko chini ya sifuri karibu muda wote, kinachotokea zaidi ni kwamba jua kali na hewa kavu vinaigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na theluji mpya inayoanguka haitoshi kufidia. Ndo maana theluji ya msimu ni muhimu hata kama inapotea haraka, ikiwa nyeupe juu ya barafu inarudisha mwanga wa jua na kuikinga. Miaka ambayo mvua za juu zinakuwa chache barafu inabaki uchi. Kwa hiyo yule anayekwenda Aprili au mwanzo wa Januari baada ya vuli nzuri ataona mlima mweupe mzuri, na anayekwenda Septemba ataona ukweli wa barafu ilivyobaki. Mimi binafsi nashauri ambaye bado hajaiona asiahirishe miaka kumi.

Turudi kwenye kupanga. Kuna kitu kinachowarudisha watu chini kuliko mvua, baridi na upepo vikiwekwa pamoja, nacho hakijui mwezi wala msimu: kimo kwenye mwili. Kileleni presha ya hewa ni kama nusu ya ile ya Dar au Mombasa, kila pumzi unayovuta ina oksijeni nusu. Mwili unaweza kuzoea ila unataka muda. Mtu akipandishwa haraka anaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi haupo, hamu ya chakula imekata. Hiyo ikitulia sawa. Isipotulia na ukaanza kuyumba kama mlevi, kuchanganya maneno, au kukohoa na kukosa pumzi hata umekaa, hapo ubongo au mapafu yanajaa maji na dawa ya kweli ni moja tu, kushuka, saa hiyohiyo, iwe usiku iwe mchana. Muongozaji akikwambia tunashuka usibishane naye. Diamox, vidonge vya kusaidia mwili kuzoea kimo, inasaidia wengine lakini muone daktari kwanza, na haichukui nafasi ya siku za kuzoea.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya kuongeza kitu kimoja kwenye safari, ongeza siku. Marangu ya siku tano ni haraka mno, ya sita na kupumzika Horombo (mita 3,720) ni afadhali kabisa. Machame siku saba inakupa nafasi ya kulala Karanga badala ya kuunganisha Barranco na Barafu kwa mkupuo. Lemosho siku nane, unaingilia Londorossi magharibi, unavuka uwanda wa Shira polepole. Uzuri wa Machame na Lemosho ni siku ile ya Lava Tower, unapandishwa mpaka kama mita 4,600 mchana halafu unashushwa kulala Barranco chini ya mita 4,000, mwili unapata somo bila kuumizwa. Aliyepanda siku nane Machi yenye mvua ana nafasi nzuri ya kufika kuliko aliyepanda siku tano Agosti yenye jua, hilo nalisema bila kusita.

Msongamano sasa. Julai mpaka Septemba Wazungu wako likizo, na Machame na Barafu zinajaa, mahema yamebanana, vyoo unavijua. Wanaotaka utulivu waangalie Rongai, au Lemosho kuanzia katikati ya Januari mpaka mapema Machi kabla masika hayajashika. Kuna wanaofuata mbalamwezi, wanapanga usiku wa kilele uangukie mwezi mpevu ili waone njia bila taa ya kichwani, ni vizuri kweli, ila jua kwamba wazo hilo wanalo wengi, tarehe hizo zinajaa. Mwezi ukiwa mwembamba unapata nyota badala yake, na nyota za Barafu sijaona mfano wake.

Masika kampuni zinashusha bei. Sikatazi mtu kutafuta nafuu, lakini tujue bei inashukia wapi. Viingilio vya hifadhi kampuni haiwezi kuvipunguza, vinalipwa TANAPA kwa namba ya malipo vilivyo. Kinachobaki kukatwa ni faida yao, au chakula, au idadi ya siku, au mshahara wa wapagazi. Ukiona bei imeshuka mno uliza moja kwa moja mpagazi analipwa shilingi ngapi kwa siku, anakula mara ngapi, hema lake linavuja au halivuji, na mzigo unapimwa? Kikomo cha mzigo ni kilo 20. Msimu wa mvua hema na kamba zikilowa zinaongezeka uzito, na huyo kijana anatembea na raba zilizochakaa kwenye matope wakati wewe una buti la kuzuia maji. Kampuni inayojibu hayo bila kukasirika ndo ya kwenda nayo, mwezi wowote.

Desemba nina mengi ya kusema nayo kwa sababu ni mwezi wetu. Tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge pale juu, na kila mwaka makundi ya Watanzania yanapanda ili yawe kileleni siku hiyo. Ni vuli, kunaweza kunyesha, kunaweza kuwa na theluji mpaka magotini kati ya Stella na Uhuru, kwa hiyo ukijiandikisha jiandae kama wa masika: suruali ya mvua, glavu jozi mbili, soksi kavu zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni usizozigusa mpaka usiku wa kilele. Vifaa sio lazima ununue vipya, Moshi vinakodishwa, na soko la Memorial kuna mitumba ya majaketi mazito ukiwa na jicho na muda. Ila baada ya tarehe 15 hivi Wachagga wote nchi nzima wako njiani kurudi nyumbani kwa Krismasi, mabasi ya Dar kwenda Moshi yanajaa, nauli inapanda, gesti hakuna, kwa hiyo tiketi kata mapema, treni nayo iwahi. Januari ikishaanza mji unapumua tena.

Ukiwa juu unaweza kufuatilia utabiri kidogo kwa simu, tangu 2022 TTCL walipeleka intaneti mlimani, ila betri kwenye baridi inakufa haraka, lala na simu na pawabanki ndani ya begi la kulalia. Na utabiri wa app unaokuonyesha "Kilimanjaro" angalia ni wa kimo gani, mara nyingi ni wa uwanja wa ndege kule KIA ambako ni joto na vumbi, hauna uhusiano wowote na Barafu.

Mwisho kuna wale ambao hawataki kilele, au hawana wiki nzima, au wana mzazi na watoto. Hawa ndo wenye uhuru mkubwa wa kuchagua mwezi kwa sababu hawafiki kwenye baridi kali. Ingia geti la Marangu asubuhi, lipa kiingilio cha siku, chukua muongozaji, panda msituni kama kilomita 8 mpaka Mandara, mita 2,700, masaa matatu kwa mwendo wa kawaida. Mbega weusi kwa weupe wako kwenye miti juu yenu, na kando ya njia kuna ua dogo jekundu na njano, Impatiens kilimanjari, ambalo haliko popote duniani zaidi ya mlima huu. Ukishapumzika Mandara nenda nusu saa nyingine mpaka Maundi, kreta ndogo, moja ya vilima zaidi ya 200 vya volkano vilivyochipuka ubavuni mwa mlima mkubwa, ukisimama ukingoni hewa ikiwa safi unaona upande wa Kenya mpaka Taita, na kwa juu Mawenzi na Kibo. Msitu unapendeza zaidi baada tu ya masika, Juni mwanzoni, maji bado yanatiririka na kila kitu ni kijani, ila wingu litakuwepo. Ukitaka kuona mbali nenda Januari au Februari. Mwezi wowote uwe getini saa mbili asubuhi, ukichelewa mpaka saa nne utafika Maundi mchana na hutaona zaidi ya mita ishirini mbele yako.